Sauti Iliyofungua Kadi

Jumamosi nilikuwa saluni ya Wakongo katikati ya Durban. Pembeni yangu dada mmoja Mtanzania alikuwa anaongea na benki, simu ikiwa kwenye spika. Kadi yake ilikuwa imefungwa.

"Samahani baba," mhudumu alisema, "lazima niongee na mwenye akaunti mwenyewe." Akakata.

Msusi akanyoosha mkono. "Lete ile simu, nitaongea pa nafasi yako. Iko rahisi."

"Hapana, dada. Nitaongea mwenyewe."

Akatueleza, bila kunong'ona, kwamba alizaliwa akaitwa mvulana, na kwamba sasa anafundishwa kuongea kwa sauti ya kike na mtaalamu wa sauti kule mtaa wa Morningside. Akagusa koo, akatoa mlio wa mmm midomo ikiwa imefumbwa, akapiga tena. Akaitwa baba tena. Akanywa maji, akarudia mmm yake, akapiga. Msusi akazima mashine ya kukaushia nywele.

"Nikusaidie nini, mama?" mhudumu wa benki aliuliza.

Akataja jina lake kamili, taratibu. Kadi ikafunguliwa.

Mimi sauti yangu sikuitolea jasho, na wiki nzima nimeitumia kulalamikia foleni.