Walinivua Viatu Nilivyovishona

Mimi ni mshona viatu. Naanza na hilo kwa sababu kuna picha yangu ambayo watu wengi wameiona, na picha hiyo inasema mimi ni kitu kingine.

Kazi hii alinifundisha papa yangu, huko Kivu ya Kaskazini, katika kibanda kilichonuka ngozi na gundi. Vita vilipotufikia, mimi na mume wangu tulikimbilia Kisangani kwa tonton, mdogo wake mama, aliyekuwa akiuza maharage kwa jumla. Alitupa chumba chenye veranda katika mtaa wa Kabondo. Katika mzigo wangu nilikuwa na nyundo ya papa, kisu chake na vile vibao vyenye umbo la mguu ambavyo kiatu hujengwa juu yake. Mume wangu alinicheka njiani kwamba nimeacha masufuria nikabeba miguu ya mbao. Lakini miguu hiyo ndiyo iliyotulisha.

Barabara ya mashariki ilikuwa imefungwa na ngozi haikufika tena. Nikaanza kukata soli kwenye matairi makuukuu, na mikanda ya juu nikaishona kwa vipande vya vitenge nilivyopewa na washonaji wa nguo. Zilikuwa sandali nzuri, nasema bila aibu. Nilizishona mara mbili na pembe zake hazikuchubua mguu. Waendesha toleka, zile baiskeli zinazobeba abiria, walizisifu kwa sababu hazikuteleza kwenye pedali hata wakati wa mvua.

Jirani yangu wa mlango wa pili alikuwa mama wa Isangi, mtu wa mtoni, msuka vikapu. Siku moja alikuja na habari kutoka parokiani: shirika fulani linaandikisha akina mama wenye biashara ndogo. Atakuja mpiga picha mwenye kamera kubwa, atapiga picha za bidhaa zetu, na picha zitawekwa kwenye mtandao ili wanunuzi wa mbali wazione. Tulikwenda sote wawili. Madame aliyesimamia mradi, mwanamke wa hapa hapa mjini, mwenye maneno matamu, alitueleza kwamba picha nzuri ni nusu ya biashara. Nilimwamini. Tena, katika hilo alisema kweli.

Nilijiandaa kama mtu anayengoja posa. Nilishona jozi mpya za kitenge cha bluu chenye ndege wa manjano, nikazipiga brashi, nikafuta gundi iliyovuja pembeni kwa ncha ya kisu. Nilivaa jozi moja mwenyewe. Mama wa Isangi aliosha vikapu vyake mtoni na kuvianika, akajifunga liputa lake la Pasaka, kitenge cha sikukuu.

Mpiga picha alifika wakati jua limesimama utosini. Alikuwa mtu mpole, hilo sitamnyima, akizungumza Kifaransa cha taratibu. Meza yangu ilikuwa tayari verandani, na shuka jeupe juu yake. Aliinama, akapiga viatu mara moja tu, taa ya kamera ikawaka, akainuka. Nilidhani anajaribu mashine. Kumbe kazi ya viatu ilikuwa imekwisha.

Akazunguka nyumba mpaka nyuma, mahali ukuta ulipobomoka na ambapo tulitupa majivu. Akamwambia Madame kitu. Madame akaniita.

"Mama, anaomba ukuje ukae hapa chini."

"Hapa? Juu ya majivu? Na viatu je?"

"Viatu alishapiga. Sasa anataka wewe. Na anaomba utoshe hizo za miguuni."

Nikamtazama. "Nitoshe viatu? Mimi njo natengeneza viatu!"

"Najua, mama. Lakini iko hivi, bon, zinaonekana mpya sana."

Nikavua. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo kuliko yote yaliyofuata. Hakunishikia mtu bunduki. Nilivua kwa sababu walikuwa wageni, kwa sababu Madame alikuwa ameshika karatasi niliyotia sahihi, kwa sababu niliogopa nikikataa picha ya viatu vyangu haitatumwa. Nikakaa kwenye majivu na gauni langu lililopigwa pasi. Akaniambia nisitabasamu. Akapiga na kupiga, muda mrefu, kwa uangalifu ule ambao nilikuwa nimeutamania viatu vyangu.

Kisha akamgeukia mama wa Isangi, akamwambia naye aketi, aangalie mbali, akumbuke aliyoyakimbia.

"Nilikimbia nini?" akauliza. "Mimi nilikuja na baleinière, ile mashua kubwa ya mbao, kwa arusi ya kaka yangu, nikabakia."

Hakuna aliyemtafsiria.

Majuma yalipita bila mnunuzi hata mmoja wa mbali. Halafu Jumapili moja, baada ya misa, mama mmoja wa kwaya alikuja nyumbani na mfuko wa plastiki. Alikuwa na huruma usoni. Ndani mlikuwa na kandambili kuukuu, kisigino kimoja kimelika.

"Pokea, mama," alisema. "Nimeona picha yako. Sikujua iko unateseka hivi."

Alisimama mbele ya meza yangu. Viatu vyangu vilikuwa vimepangwa hapo mbele ya macho yake, wala hakuviona. Nilimshukuru, nikapokea, nikaingia ndani, nikaketi kitandani kwa hasira, mfuko mapajani. Mume wangu aliuliza nani amekufa.

Kesho yake nilikwenda ofisini kwao, katika ile sehemu ya mji nayo iitwayo Kisangani, miguuni nimevaa jozi ya bluu. Picha ilikuwa ukutani, kubwa kama mlango. Nyayo zangu ziko mbele kabisa, nyeupe kwa majivu, na chini yake imeandikwa kwa Kifaransa kwamba nimepoteza kila kitu.

"Picha ya viatu vyangu iko wapi?" nilimwuliza Madame.

Alifungua kompyuta, akatafuta, akanionyesha. Ile taa ilikuwa imeng'arisha shuka mpaka viatu vikawa madoa meusi. Rangi ya bluu haikuonekana, wala ndege. Vilikuwa kama panya waliokufa kitandani.

"Hii mungeuzishia nani?" niliuliza.

"Mama, utuelewe. Wanaotoa msaada wanataka kuona watu. Kiatu hakigusi roho."

"Mulituambia ni ya wanunuzi."

"Ulitia sahihi," akasema.

Nikaomba karatasi. Nilisoma Kifaransa shuleni, si kingi, lakini kinatosha. Iliandikwa kwamba picha zitatumika kutangaza shughuli. Nikamwuliza: shughuli za nani? Yangu ni kushona viatu. Ya jirani yangu ni kusuka vikapu. Yenu ni ipi, kutafuta majivu? Sauti yangu ilikuwa imepanda na watu walichungulia kutoka vyumba vingine. Nikasema siondoki mpaka picha ishuke. Nikaketi kwenye kiti chao kizuri, nikapandisha mguu mmoja juu ya mwingine ili wote waone kiatu. Kabla ya saa ya chakula mlinzi alileta ngazi, akaishusha.

Ya mtandaoni Madame alisema haiko mikononi mwake. Mpaka leo ipo. Shemeji yangu aliye Kampala aliiona, akapiga simu akilia.

Niliporudi nilimwambia mume wangu anipe simu yake. Sikuwa na mpango mkubwa. Nilitaka tu kuwepo picha moja ya kweli.

Za kwanza zilikuwa mbaya, na nilikasirika upya, mara hii na mimi mwenyewe. Nilipiga adhuhuri kama yule bwana, na kivuli changu kikalala juu ya kiatu. Nikapiga ndani kwa taa ya simu, wakazaliwa wale panya tena. Ndipo nikaanza kuuangalia mwanga kama ninavyoiangalia ngozi, upande wake laini na upande wake mkali. Asubuhi, kabla jua halijapita paa la jirani, mlango wetu ulipata mwanga mwororo, usio na kivuli kikali. Nikaweka kibao mlangoni, nikakitandika kitambaa cha kijivu, maana cheupe kilikuwa kinaizidi nguvu rangi ya kiatu. Upande wa pili nikasimamisha katoni nyeupe ili imulike sehemu yenye giza. Jicho la simu nililifuta kwa kitambaa laini; siku zote lilikuwa na mafuta ya vidole, na kumbe ukungu wote ule ulitoka hapo. Nikajaza karatasi chini ya mikanda ili isilale. Nikapiga magoti, simu ikawa sawa na kimo cha kiatu, si kutoka juu kama mtu anayetazama kilichoanguka.

Nilipiga ubavu, nikapiga soli ili tairi lionekane ni tairi, nikapiga mshono kwa karibu. Mume wangu alitaka tuikoleze bluu kidogo, simu yake inajua kufanya hivyo. Nilikataa. Nilishadanganyiwa picha, nami nisingemdanganyia mtu.

Mume wangu aliwatumia wateja na ndugu picha hizo, nao wakatumiana. Mwalimu wa Isangi aliandika akitaka jozi za wanawe wote kabla ya komunyo. Tulizituma kwa mashua. Baada yake wakaja wa Yanonge, na mtu wa Kindu. Si utajiri. Ila hakuna hata mmoja aliyeniuliza nimepoteza nini. Waliuliza namba ya mguu, na kama kuna nyekundu.

Mwaka uliofuata Madame alipiga simu. Alikuwa ameona picha zangu kwa mtu, akazisifu sana, akaziomba kwa ajili ya ripoti yao, kuonyesha matunda ya mradi.

"Matunda ya nani?" nikamwuliza.

Akaanza kueleza. Nikakata simu, nikarudi kwenye mshono wangu.

Wiki hiyo mama wa Isangi alileta vikapu vyake mlangoni kwangu nimpigie picha. Nilivipiga vyote, kimoja kimoja, ndani na nje, na fundo la mpini kwa karibu. Tulipomaliza alisema anataka na yeye apigwe picha. Nilimwuliza anataka akae wapi. Alifikiri, akaenda kuleta kiti chake cha kekele, zile kamba ngumu za msituni, alichokisuka mwenyewe, akakiweka pale ulipo mwanga, akaketi, akanyoosha liputa magotini.

"Nicheke?" akauliza.

"Unavyotaka, mama."

Hakucheka. Alitazama simu moja kwa moja, kidevu juu, kama mtu aliyeuliza alikimbia nini na bado anangoja kujibiwa.