Mwaka Tulioacha Nyasi Juu ya Chemchemi

Siku ile ya mvua ya kwanza, pale chemchemini tulikuwa watano. Mimi; wifi yangu, yaani dada wa marehemu mume wangu, aliyefiwa na mume huko Kihanga akarudi kujenga nyuma ya kibanja chetu; jirani yangu wa bondeni, ambaye ni mama wa ubatizo wa mwanangu wa tatu; mume wa jirani huyo; na bwana shamba, ambaye si ndugu wa mtu, lakini amekula ndizi kwangu mpaka amekuwa kama mkwe. Majina yao ninayo yote, hata ya mbuzi wao, ila nimeamua yabaki kichwani.

Kwetu Isingiro mwanamke hujulikana kwa kibanja chake, shamba la migomba linalozunguka nyumba. Mama mkwe alinifundisha: mgeni akipita chini ya migomba yako asione udongo. Basi kila kiangazi nilipanda kilima na mundu, nikakata nyasi, nikazitandaza kwenye migomba na mibuni mpaka ukikanyaga unadhani ni godoro. Nikasifiwa, wenzangu wakaniiga. Hakuna aliyejiuliza kilima kinabaki na nini.

Kilibaki kipara. Mvua ikinyesha, udongo ulishuka wote kwenye chemchemi tunayochota sote. Maji yakawa mekundu, wajukuu wakawa wanaumwa matumbo. Nilichota kwenye glasi nikaweka vidole nyuma yake, sikuviona! Tukalaumu ng'ombe, tukalaumu wanaofua nguo. Bwana shamba ndiye aliyenionyesha.

"Shikamoo bibi. Usinichukie, lakini godoro la migomba yako limetoka pale juu."

Ilinichoma. Kwenye kikao cha kijiji nikasimama nikasema: kiangazi hiki mtu asikate nyasi juu ya chemchemi, na tuchimbe makingamaji, ile mitaro inayolala kukatiza mteremko. Mvua za kwanza zikileta tena maji mekundu, mimi nitawakatia nyasi wote, nyumba kwa nyumba, kutoka kilima cha mbali.

"Waitu, jamani!" wifi akapiga kofi. "Magoti yako yanalia ukiinuka kanisani, utakata nyasi za nani?"

"Nitaanza na zako, wifi."

"Basi anza kunoa mundu!"

Tulichimba. Nyasi zikaachwa. Kibanja changu kikakaa uchi. Majani makavu ya migomba na mabua ya mahindi hayakutosha. Kila asubuhi wifi alipita akiuliza, "Migomba yako haisikii baridi?" Nilicheka, lakini moyoni niliogopa. Kukata nyasi za kijiji kizima kwa umri huu ningekufa, na kibaya zaidi, nikishindwa watu wangerudi kukwangua kile kilima, na hakuna ambaye angenisikiliza tena.

Mvua ikaja mchana, nikiwa namenya ndizi. Mvua yenyewe ile isiyopiga hodi. Ilipopungua kidogo tu, nikanyakua glasi nikakimbia. Mimi, kukimbia! Jirani na mumewe walikuwa wameshafika, bwana shamba anashuka na koti lake la mvua, na wifi yuko nyuma yangu anapiga kelele, "Subiri, nishuhudie ukiaibika!" Akateleza, akakaa kwenye tope kama mtu aliyekaribishwa kiti.

Kule juu makingamaji yalikuwa yamejaa tope jekundu hadi ukingoni. Lilikwama palepale, na lililopita lilinaswa na nyasi.

Nikachota. Ya kwanza nikasuuzia glasi, nikachota tena. Nikaweka vidole nyuma ya glasi.

"Kimoja! Viwili! Vitatu! Vinne! Na pete!"

Hata pete yangu iliyochakaa niliiona! Jirani akapiga vigelegele, mumewe akavua kofia kwenye mvua, sijui kwa nini. Wifi akaninyang'anya glasi, akaweka vidole vyake, akavihesabu mara mbili.

"Haya," akasema mwishowe. "Nyasi zangu nitakata mwenyewe. Kilima cha mbali."

Kuchemsha bado tunachemsha, bwana shamba hataki mchezo. Lakini kile kilima hakijaguswa na mundu tangu siku ile, na wifi ndiye askari wake mkali kuliko wote.

Anadai, hata hivyo, kwamba aliyeteleza ni mimi. Ni kweli nilikuwa mbele nikikimbia, sasa sielewi nilimwonaje. Mliokuwepo, kama nimekosea, njooni mnirekebishe. Chai ipo, ya maji yale yale.