Rupia Ishirini za Bi Mwanakheri

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipovaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikakaribia kusimama yenyewe, nikatoka Ng'ambo kwenda mjini, mtaa wa Kiponda, kumfundisha bibi kizee maana ya pesa. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Umri huo mtu anajua kila kitu, na usipomuuliza atakwambia tu.

Jana nilikusikia barazani ukibishana na wenzako kama nchi zetu hizi ziache sarafu zao zitumie moja. Ulisema vizuri, sikatai. Lakini ulipomwambia yule mzee mwenzangu kwamba watu wa zamani hawajui kitu, moyo uliniuma, maana sauti ile niliitambua. Ilikuwa yangu mimi mwenyewe, ya miaka ya hamsini.

Siku hizo kazi yangu ilikuwa kutengeneza majiko ya stovu, yale ya mafuta ya taa. Nilikuwa najua kusoma, kwa hiyo kila jioni niliwasomea watu gazeti mkahawani, na msomaji wa gazeti huanza kujiona yeye ndiye mwenye habari. Tulikuwa tunatumia shilingi moja na wenzetu wa Mombasa, Kampala na Dar es Salaam, nami naisifu utadhani nimeitia muhuri mwenyewe. Kabla yake, nikiwa mtoto mdogo, Unguja ilikuwa na rupia. Rupia za fedha zilitoka Bara Hindi, lakini noti zilikuwa zetu, zina picha ya wachuma karafuu. Ilipoletwa shilingi, watu waliambiwa wazipeleke rupia zao zikabadilishwe, na wakazipeleka.

Bi Mwanakheri alikuwa mteja wangu. Stovu yake ilikuwa haishi kuziba. Kila wiki naitwa, naizibua, na wiki ya pili naitwa tena. Baadaye nilikuja kujua kwamba haikuwa ikiziba peke yake. Mjukuu wake, Asya, ndiye aliyekuwa akiitia mchanga kidogo kila akitaka fundi aje. Mama yake Asya alifariki siku alipomzaa, na bibi ndiye aliyemlea. Cheka tu, mwanangu. Nami nilicheka nilipoambiwa, kisha nikalia.

Ami yangu, Mzee Khatibu, ndiye aliyenipelekea posa ya Asya kwa Bi Mwanakheri. Mwenye kuoa hakuwa akienda. Alikaa nyumbani akingoja, na ndivyo nilivyofanya. Ami alirudi adhuhuri, akavua kofia yake akajipangusa jasho.

"Wamekubali," akasema. "Mahari wanataka rupia ishirini. Za fedha."

"Rupia? Ami, rupia si zilishaondoshwa zamani?"

"Nami n'shamwambia bibi yake hivyohivyo. Akanambia, mwache mwenyewe aje aniulize. Basi nenda kaulize. Uliza tu, baba. Usende kusema."

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na Ami alinionyesha jiwe lenyewe kabla sijalifikia. Lakini mimi nilishajaa hasira. Nilijiambia kwamba bibi huyu hataki mjukuu wake aolewe na fundi stovu wa Ng'ambo, na kwa kuwa hawezi kunikataa waziwazi, ananitajia mahari isiyopatikana duniani. Usiku huo nilitunga maneno yangu kama mtu anayekwenda mahakamani.

Nilipopiga hodi, nilimkuta ukumbini na majirani wawili, wote wanashona kofia. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanikaribisha mkekani, akanimiminia kahawa. Kisha akatua kofia yake mapajani akaningoja. Hakuwa na haraka. Nikikumbuka sasa, uso wake ulikuwa wa mtu anayekaribia kucheka kwa furaha. Nami nikaanza hotuba.

"Bibi, rupia imekufa. Leo nchi nne tuna mfuko mmoja. Ukiipeleka rupia yako sokoni Darajani hupewi hata bajia. Wanaoing'ang'ania ni watu wasiotaka wenzao waende mbele."

Jirani mmoja alisita na sindano mkononi. Nyuma ya pazia la chumba Asya alikohoa. Alikohoa tena, kwa nguvu zaidi. Alikuwa ananiomba ninyamaze, na mimi, mwanangu, nilidhani ananisifu. Nikaongeza na mengine ambayo sitaki kuyarudia hapa.

Bi Mwanakheri hakukasirika. Laiti angekasirika!

"Baba," akanambia, "shilingi miye siikatai. Ndo n'nayoendea sokoni kila siku. Lakini ilipokuja, siye tuliambiwa tu. Hapana aliyekuja hapa akaniuliza, Mwanakheri, una nini weye katika hizo rupia? Nikasema huyu kijana ataniuliza."

"Kuuliza nini, Bibi? Pesa ni pesa."

"Basi. Kunywa kahawa yako, baba, isipoe."

Nikainywa, nikatoka nikijiona mshindi. Siku ya tatu akaja mtu kwa Ami na maneno machache: posa hapana. Ami alikwenda kuniombea radhi mara mbili, na mara zote mbili alipokewa vizuri, akapewa kahawa, akarudi mikono mitupu.

Mke wa Ami ndiye aliyenifumbua macho, miezi mingi baadaye, Asya alipokwisha kuolewa Pemba. Alikuwa anachambua mchele, wala hakuniangalia. Akanieleza kwamba zile rupia ishirini zilikuwepo, ndani ya kasha la Bi Mwanakheri. Zilikuwa mahari ya mama yake Asya. Watu walipotakiwa kubadilisha, bibi alibadilisha kila alichokuwa nacho isipokuwa hizo, kwa sababu, alisema, mwenyewe hayupo wa kumtaka ruhusa. Alitaka mjukuu wake aolewe kwa mahari ya mama yake, ambaye hakupata hata kumbeba. Alijua fundi stovu hana pa kuzipata. Alichokuwa akingoja ni neno moja tu kutoka kwangu: "Nitazipata wapi, Bibi?" Angelifungua kasha, angenipa ziwe zangu, nami ningezirudisha kwa mkono wa Ami ziwe mahari. Asubuhi ile nilipokwenda alikuwa ameshazisugua kwa ndimu, zinang'ara.

Majuto ni mjukuu, wanasema, na wangu huyo umri wake umeshapita wako. Nilioa baadaye, mke mwema, Mungu amrehemu, na sina la kumlaumu. Lakini hakuna mwaka uliopita bila ya kukisikia kile kikohozi. Na ile shilingi niliyoitetea? Haikufika mbali. Kila nchi ilijitoa ikatengeneza yake, nami nilisikia redioni kama walivyosikia wengine. Siku hiyo ndipo nilipoelewa kuambiwa tu kunavyokuwa.

Basi, mwanangu, sikwambii sarafu moja ni mbaya. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mfanyabiashara anayepoteza fungu la pesa yake kila akivuka mpaka ana haki ya kulalamika. Wala sikwambii ni nzuri, maana mtumai cha nduguye hufa maskini, na aliyekabidhi mfuko wake kwa shirika, siku nyumba yake ikiwa na dhiki atangoja wenzake wakubali ndipo achukue. Hayo yapimeni nyinyi wenye macho mapya. Ninalokuusia ni hili: pesa ya nchi ina jasho la watu ndani yake, na wengine wao wamekufa. Kabla hamjaitupa, waulizeni walio nayo ina nini kwao, hata kama mnadhani jibu mnalijua. Ulizeni pia nani atakuwa na sauti huko mnakokwenda, na mkishindwana mtatokea mlango gani. Mkishauliza, amueni. Huenda mkaamua lilelile mlilolitaka tangu mwanzo, lakini mtaliamua na watu wenu.

Na yule mzee wa jana, nenda kwake leo, usingoje kesho. Mimi nilingoja nipate uso wa kumwendea Bi Mwanakheri, na nilipoupata nilikwenda kubeba jeneza lake.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe sikio jepesi na ulimi mzito, akuepushe na ushindi wa namna ile, na akujaalie umkute yu hai.