Kifuniko cha Bomba la Moshi

Glafira alikuwa ameinamia kisima, kule kijijini kwao karibu na mji wa Kargopol, alipoinua macho akaona bomba la nyumba yake halitoi hata uzi wa moshi. Moyo ukamlipuka paa! Ndani alikuwa amemwacha Inessa, msichana mgeni aliyetoka mjini kutazama makanisa yao ya kale ya mbao, amelala juu ya jiko kubwa la matofali, mahali ambapo watu wa kule hulala wapate joto. Kabla ya kutoka, alipomwona anatetemeka kwa baridi, Glafira alimwonea huruma, akafunga kifuniko cha bomba ili joto lisitoke. Sasa akakumbuka kwamba makaa hayakuwa yamekufa. Yalikuwa bado na ndimi za buluu. Kila mtoto wa kule anajua kwamba hewa ya makaa kama hayo humuua mtu usingizini.

Akatupa ndoo akakimbia, akianguka kwenye theluji na kuinuka. "Ee Mungu, mtoto wa watu!"

Mlango aliusukuma kwa bega. Alimwita Inessa, hakuitika. Akamshusha, akamburura hadi nje, akamsugua uso kwa theluji.

"Amka, mwanangu! Mama yako nitamwambia nini?"

Akamsugua tena. Mwishowe msichana akakohoa, akatapika, akafumbua jicho moja.

"Bibi... ndivyo mnavyowaamsha wageni huku?"

"Nyamaza, mjinga wee, pumua!" Glafira akamfunika kwa shali yake, akaangua kilio. Hata majirani walipofika, mkono wa yule binti hakuuachia.