Mtani alituteka katikati ya Msimbazi siku ya harusi ya kaka

Wakuu, wa umri wangu habari zenu. Nyie wengine wote marahaba, nimeitikia hata kabla hamjaamkia.

Mie ni bibi wa miaka themanini na kitu, naandika kwa kidole kimoja. Siwezi kuchosha kidole kwa uongo.

Kuna kijana humu kaandika kwamba Dar ni mji wa bahari. Sawa baba. Mimi Dar niliingia kwa mto.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Kaka yangu alikuwa karani wa reli, anakaa Kinondoni, na amepata mchumba wa Kizaramo hukohuko. Mimi na mama tukapanda treni kutoka Tabora, daraja la tatu, mabenchi ya mbao. Hadi leo kiuno kinakumbuka.

Mama alipakata furushi njia nzima. Ndani mlikuwa na kanzu ya marehemu baba, ile aliyoivaa siku anamuoa mama. Kaka alishaapa hafungi ndoa bila kanzu hiyo, na ndoa ilikuwa jioni ya siku hiyohiyo tunayofika, baada ya alasiri.

Tukashuka stesheni adhuhuri. Kuuliza njia siku zile kulikuwa raha! Unayemuuliza anaacha shughuli zake, anakusindikiza hadi kona, anakukabidhi kwa mwingine. Tulikabidhiwa hivyo hadi Kariakoo, tukala mihogo ya kuchoma, tukakabidhiwa tena hadi Jangwani.

Hapo ndipo ishu ilipoanza. Masika yamekolea, Msimbazi umefurika, barabara haionekani, watu wanavushwa kwa mitumbwi.

Kijana mmoja mrefu, kofia ya kufuma kichwani, akatupakia pamoja na abiria wengine. Tulipofika katikati akauliza, "Nyie mnatokea wapi?"

Nikajibu kwa maringo, "Tabora."

"Wanyamwezi!" Akachomeka upondo kwenye matope, mtumbwi ukasimama. Akalinyakua furushi la mama. "Sie ndio wenye mto. Hiki kifurushi changu, na nyie mtalala hapahapa na vyura."

Wakuu, nililia. Nilijua ni jambazi. Kanzu ya baba inakwenda, na kaka anasubiri. Nikainua mwavuli nimpige nao.

Mama akanishika mkono, anacheka! Babu yangu alikuwa mpagazi, alibeba mizigo hadi pwani, na alimweleza mama habari zote za utani wa Wanyamwezi na Wazaramo. Mimi wa shule sikujua lolote.

"Mto gani huu?" mama akamwambia. "Kwetu maji haya tunanawia miguu. Na kichwa kibaya hicho unakivalisha kofia ya nini? Lete hapa!"

Akamvua, akaivaa yeye juu ya kilemba.

Mtumbwi mzima ukaangua kicheko. Mtani akichukua huna la kusema. Kijana akarudisha furushi kwa mikono miwili, akang'oa upondo, akatuvusha huku akiimba.

Tukafika Kinondoni adhana ya alasiri inalia. Kanzu kavu kabisa. Kaka alipoivaa, mama alilia, na mimi nikalia tena, safari hii kwa furaha.

Mara tukasikia wazee wa upande wa bibi harusi wanafoka, "Mrisho! Unakuja harusini kichwa wazi? Kofia iko wapi?"

Nageuka, yule kijana! Kumbe ni kaka wa bibi harusi. Alitumwa mtoni tangu asubuhi atungoje na kutuvusha. Akamnyooshea mama kidole, uwanja mzima ukavunjika mbavu.

Kofia mama hakuirudisha. Mwaka uliofuata Mrisho alikuja Tabora na wazee wake kunichumbia, na mama akatoka kuwapokea ameivaa.

Nilichojifunza: mgeni akitekwa na mtani asilie kama mimi, aangalie kwanza mtani amevaa nini.

Mrisho wangu ametangulia, mama naye. Kofia ninayo mimi. Wazaramo mliomo humu, anayeitaka aseme hapo chini, tuone kama ana mdomo wa kuikomboa.