Bahasha za Bosi Marselino

Dorika alikuwa na kazi mbili kwenye karasha la Bosi Marselino, na moja tu ndiyo aliyoajiriwa kuifanya. Aliajiriwa awe msimamizi: awaangalie akina mama wanaoponda mawe ya dhahabu kwa nyundo, ahakikishe karasha lenyewe, ile mashine ya kusaga, linalishwa mawe bila kusimama, na amwite fundi mkanda ukikatika. Kazi ya pili ilikuja yenyewe, kama kupe anavyokuja na ng'ombe. Kila kijiji kilipofiwa, bosi alifungua droo, akatoa bahasha ya kaki, akatia noti, akailamba gundi na kuandika juu yake neno moja: POLE.

"Peleka," alimwambia Dorika. "Waambie Marselino yupo pamoja nao."

Hakuwa pamoja nao hata siku moja. Alirudi kwenye kiti chake cha plastiki chini ya bati, akaendelea kumfokea aliyekuwa karibu.

Sasa huku upande wa Kharumwa msiba ni kazi ya mikono. Mtu akifa, jembe haliendi shambani mpaka azikwe. Wanaume wanachimba kaburi, wanawake wanateka maji na kubeba kuni, na mashine zote zinanyamaza. Hata mlevi aliyeshindikana, ambaye mkewe hajamwona wiki nzima, siku hiyo utamkuta na beleshi mkononi. Rambirambi inapokelewa, nani akatae hela? Lakini ni chumvi tu, na chumvi bila ugali hailiwi. Bosi Marselino alitoka Ushirombo, mtoto wa wakulima, Mkatoliki aliyebatizwa na kuimarishwa, na mambo haya aliyajua vizuri kabisa. Ila tangu alipoanza kupata, alijiona amevuka.

Na alikuwa mkali. Inasemekana alimfukuza mwanamke mmoja kwa kupiga chafya wakati yeye anaongea na simu, na mimi naamini. Yeye na Dorika walilingana umri, lakini Dorika alimwamkia shikamoo kila asubuhi, na bosi aliitikia kwa kidevu. Hakuwahi kumwita Mama Loveness kama watu wengine. Alimwita "wewe". Dorika alimeza, kwa sababu William mumewe alikwenda Chunya kutafuta dhahabu akatafutika yeye, na watoto hawali hasira za mama yao.

Kilichomrahisishia kumeza ni Bibi Euphrasia, mama mzazi wa bosi, aliyeishi kwenye nyumba nyuma ya karasha. Miguu ilikuwa imemwishia na masikio yameanza kuzibwa na ule mngurumo, lakini moyo ulikuwa mzima. Alimwekea Dorika matobolwa, vile viazi vitamu vya kukaushwa, kwenye kibakuli, na kila Dorika alipotoka msibani alimwuliza swali lile lile, akimwita mama kwa kilugha.

"Wamezika vizuri, mayu?"

"Wamezika vizuri, bibi."

"Na mwanangu alikuwepo?"

Dorika aliangalia pembeni. Bibi alitikisa kichwa, akamshika mkono. "Siku yangu ikifika, unioshe wewe. Usiniache mikononi mwa watu wa kukodi." Dorika aliahidi. Ahadi ya namna hiyo huitoi ukicheka.

Basi, Maduhu akafa. Huyu alikuwa baba mdogo wa Dorika, ndiye aliyemlea baada ya baba yake kufariki, ndiye aliyemwozesha. Habari ilimkuta Dorika kazini asubuhi. Alikwenda mbele ya bosi, akapiga goti kwenye vumbi la mawe kama mtoto wa kike anavyoomba kwa mkubwa.

"Bosi, nimefiwa na baba. Naomba ruhusa."

"Baba yako si alishakufa?"

"Ni baba mdogo. Ndiye aliyenilea."

Bosi akafungua droo. Dorika aliijua sauti ya ile droo. Marselino akatia noti, akalamba, akaandika POLE, akamnyooshea.

"Peleka, kisha urudi. Nina mawe ya mteja hapa. Karasha halisimami kwa ajili ya maiti."

Dorika akaipokea. Alitembea njia nzima na ile bahasha kama mtu aliyebeba kinyesi cha mtu mwingine. Alipofika alimkabidhi shangazi yake Ritha, dada wa marehemu, na shangazi akaitazama, akamtazama na yeye.

"Wewe unamletea baba yako bahasha ya bosi?"

Dorika akavua kandambili. Alikaa mkekani na hakurudi kazini, liwalo na liwe. Lakini kazi ilimfuata. Katekista alipoanza sala ya maziko, karasha kule ng'ambo ya bonde likaanza kusaga. Lilisaga wakati jeneza linashushwa. Lilisaga wakati watoto wanatupia udongo. Katekista alipaza sauti mpaka mishipa ikamtoka shingoni, na bado waliokuwa nyuma hawakusikia hata amina. Dorika alilia kwa uchungu, na nusu ya uchungu ule haukuwa wa Maduhu. Ulikuwa wa aibu, maana mashine ile siku zote aliilisha yeye.

Jioni ile, kabla jua halijazama, Maige akawaita wenye kaya zote. Maige ndiye mtemi wa sungusungu, walinzi wa jadi wa pale kijijini, mtu mfupi, mpole wa sauti, na upole wake ndio unaotisha. Vijana walitaka kwenda kulichoma moto karasha. Maige akakataa.

"Hatuchomi mali ya mtu. Tutamzikia kama anavyotuzikia," alisema. "Siku akifiwa, kila kaya ipeleke bahasha. Ndani mtie mnachotaka, hata karatasi tupu. Mpeni pole, mgeuke, mrudi nyumbani. Atakayeshika jembe, atakayekaa mkekani, atakayebandika sufuria, huyo naye tunamtenga. Asipewe moto, asichotewe maji, asiamkiwe. Mnakubali?"

Mikono ikanyooka. Dorika naye akanyoosha, tena juu kuliko wengi. Ni baadaye, akiwa njiani, ndipo alipomkumbuka Bibi Euphrasia. Nani mwingine wa kufa katika nyumba ile?

Kesho yake alirudi kazini akitegemea kufukuzwa. Bosi alimtukana hadi akachoka, halafu akamwacha, kwa kuwa hakuna mwingine aliyewaweza wale akina mama. Dorika alingoja hasira ipoe, akajikaza.

"Bosi, shikamoo. Nina neno. Watu wamekasirika. Nenda kwa Mzee Maige ukaombe radhi, ni mbuzi tu na maneno mawili, yataisha."

"Radhi ya nini? Mkono mtupu haulambwi, na mimi sijawahi kupeleka mkono mtupu. Nimewanyima nini?"

"Wamepanga wasikuzikie."

Marselino akacheka. "Hapa pamejaa wachimbaji, wanaingia chini ya ardhi kila siku kwa hela yangu. Nitakosa wa kuchimba shimo moja?" Kisha kicheko kikakatika. "Na wewe ukinirudia na habari za vijiweni, geti unalijua."

Dorika alilijua geti. Akarudi kwenye mawe. Tangu siku hiyo alifanya kazi roho mkononi. Bibi akikohoa nyuma ya ukuta, yeye alishtuka. Alimpikia uji, akamtafutia asali, akamwombea uzima kwa Mungu usiku na mchana, na ndani ya maombi yale alijua anajiombea na mwenyewe. Afanye nini siku ikifika? Akimwosha bibi, kijiji kinamtenga pamoja na watoto wake. Asipomwosha, atalala vipi?

Siku ikafika, mvua za masika zikiwa zimeshika. Bibi Euphrasia alilala, asubuhi akakutwa amekwisha.

Marselino alilia, tusimzulie. Alilia kama mtoto. Halafu akafuta macho akafanya anachokijua: akakodi maturubai, akakodi viti, akaagiza ng'ombe. Karasha hakulizima. Mafundi wake wawili waliotoka mbali waliendelea kulilisha, maana mteja alikuwa anasubiri.

Watu wakaja. Walikuja wengi, wamejipanga kwenye njia, wamevaa vizuri. Wa kwanza alikuwa Maige mwenyewe. Akavua kofia, akatoa salamu ya asubuhi ya Kisukuma, "Mwangaluka," akampa mkono. "Pole sana, bosi. Tupo pamoja nawe." Akaweka bahasha mezani, akageuka. Akaja wa pili. Akaja shangazi Ritha. Pole sana bosi, tupo pamoja nawe. Mwanzoni Marselino aliitikia vizuri, akawaonyesha viti. Hakuna aliyekaa. Meza ikajaa bahasha, viti vikabaki vitupu, na jiko halikuwa na moto. Ndipo alipoelewa, na uso ukambadilika.

Akawatuma mafundi wakawaite wachimbaji, hela taslimu, bei wataje wenyewe. Wachimbaji walikuja mpaka getini, na mkubwa wao akasema, "Bosi, shimo la dhahabu tunakuchimbia kwa hela. Hili halina bei." Wakaondoka.

Dorika alikuja wa mwisho. Alikuwa na bahasha mkononi, na watu wote waliorudi walikuwa wamesimama barabarani wakimtazama mgongo. Akaiweka juu ya zile nyingine. Marselino akaiangalia. Ilikuwa na neno moja juu yake, POLE, kwa mwandiko wake mwenyewe, na gundi haijafunguliwa.

"Hii ni ya kwangu," alisema.

"Ndiyo, bosi. Ile ya baba. Shangazi hakuifungua. Alisema nikurudishie siku yako."

Marselino akaigeuza ile bahasha mkononi, upande huu na upande huu. Dorika akageuka aondoke kama kijiji kilivyopatana. Alipiga hatua chache akapita mbele ya mlango wa nyumba, na mlango ulikuwa wazi. Ndani, juu ya kitanda, Bibi Euphrasia alikuwa amelala peke yake. Hapakuwa na mwanamke hata mmoja wa kumfukuzia inzi.

Dorika akasimama.  Aliogopa, aliogopa sana, lakini ile hofu ya kumwacha bibi ilikuwa kubwa kuliko hofu ya kutengwa. Akamgeukia bosi wake.

"Zima mashine."

"Unasemaje?"

"Nimesema zima mashine. Mama yako amelala ndani na wewe unasaga mawe. Zima."

Hakumwita bosi, hakupiga goti. Marselino alimtazama, na kila mtu alidhani atampiga. Badala yake akatembea mpaka kwenye karasha, akawasukuma mafundi pembeni, akalizima mwenyewe. Mngurumo ukashuka, ukakohoa, ukafa. Kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa hivi kwamba watu walisikia mbuzi wakilia ng'ambo ya bonde.

Dorika akachukua ndoo na kanga, akaingia ndani. Alianza kumwosha bibi peke yake, polepole, akimsemesha kama alivyozoea. Kazi ile si ya mtu mmoja, maana maiti ni mzito. Alikuwa anahangaika kumgeuza alipoona mkono mwingine umeshika bega la bibi. Alikuwa shangazi Ritha.  Alikunja mikono ya gauni, akachovya kitambaa.

Kisha wakasikia jembe huko nje, moja tu, tena la mtu asiyejua: linagonga, linateleza, linapumzika. Dorika akachungulia dirishani. Marselino alikuwa anachimba kaburi la mama yake akiwa na viatu vyake vya ngozi, matope yamefika magotini, mikono inavuja damu. Aliporusha udongo, nusu ulirudi ndani. Watu walimwangalia kutoka barabarani. Waliangalia kwa muda mrefu. Wengine walikuwa wamekuja kufurahi, na furaha ile ikawaishia pale pale barabarani.

Hatimaye Maige akavuka geti, akasimama ukingoni mwa shimo.

"Toka humo," alisema.

"Niache. Mmesema hamnizikii."

"Toka. Mtoto hachimbi kaburi la mama yake. Hilo hata sisi tuliokukasirikia hatuwezi kulitazama." Akamshika mkono akamvuta, kisha akaingia mwenyewe, na akawaita vijana kwa majina. Majembe yakaja. Kuni zikaja. Moto ukawaka.

Maige alipotoka shimoni kupumzika, alimkuta Dorika anamwaga maji. "Mama Loveness," alisema, "usidhani nimesahau. Umevunja agizo la kijiji kabla sijalivunja mimi. Utaleta jogoo wa faini."

"Nitaleta, mtemi."

"Mnene."

Dorika akacheka huku machozi yanamtoka. Walimzika Bibi Euphrasia kabla ya mvua ya mchana, na sala ya katekista ilisikika mpaka kwa watu wa nyuma kabisa. Wote wakaitikia amina.

Baada ya maziko Marselino alikuja pale akina mama walipokuwa wanaosha sufuria. Alichuchumaa, mikono imefungwa matambara, akiwa hajui aanzie wapi.

"Mama Loveness," alisema. "Baba yako mlimzika upande gani? Nataka niende."

Dorika akanyoosha mkono wenye maji kuelekea ng'ambo ya bonde, kwenye kilima kidogo chenye udongo ambao bado ulikuwa mwekundu.

"Pale," alisema. "Ukikaa kwenye kiti chako, unapaona."