Mvuke Chini ya Kikwembe

Majani ya karatusi yanachemka jikoni, na harufu yake hainiachi nikae. Mutoto wangu anakohoa, pua imeziba. Nainuka, nafungua dirisha, narudi, nainuka tena.

Nilipokuwa mutoto, tulikuwa tumerudi mutaani kwetu Murara baada ya volkano kumeza jiko letu. Vumbi la majivu lilikuwa limeniziba pua, na kikohozi kilikuwa kimenitikisa siku tatu. Makala ya kupikia hatukuwa nayo. Mama akafanya kama majirani: akaweka sufuria katika ufa wa mawe yaliyokuwa bado ya moto, maji yakachemka yenyewe. Akatia majani, akaniinamisha palepale juu ya ufa, akafungua kikwembe chake kiunoni, akanifunika nacho.

"Vuta na pua, mutoto."

Mvuke ulinuka kiberiti. Kichwa kikaanza kuzunguka, nikajitoa nje kwa nguvu. Mama akakasirika.

"Angalia mimi, ni hivi!" Akajifunika mwenyewe.

Hakutoka. Niliona mgongo wake ukilegea.

Muzee jirani alikuja mbio, akamvuta kwa miguu hadi barabarani. "Ni mazuku!" alipiga kelele. "Hewa mubaya ya volkano! Inaua mutu!"

Mama alikohoa muda mrefu, akiwa amefumba macho. Alipoyafungua, aliniuliza kama pua yangu imefunguka. Nikamwambia ndiyo. Ilikuwa bado imeziba.

"Mama, nifunike basi, baridi inaingia," mutoto wangu ananiambia sasa.

Nafungua dirisha la pili.